Kivuli Kilichotangulia: Ukuhani Tunaouimba



Wapendwa wanakwaya, wazazi wetu wa parokia, na wageni mliotoka mbali kuja kushukuru pamoja nasi: kamati ya jubilei iliniomba niandike historia. Nilikubali haraka, kama mtu anavyopokea mtoto wa mgeni amshike kidogo, halafu nikaona uzito wake. Majina ya walimu wa kwaya, sare tulizovaa na safari za mashindano yameandikwa na katibu katika kurasa zilizotangulia, tena vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Mimi nitaanza nyuma zaidi. Nyuma sana.

Sababu ni swali. Mwaka jana tulipokuwa tukijiandaa kuimba katika misa ya upadrisho, tulifanya mazoezi ya Zaburi ya 110, ile inayomtaja Melkizedeki. Binti mmoja wa sauti ya pili, aliyejiunga nasi kutoka kwaya ya watoto, akainua mkono akauliza, "Mwalimu, huyu Melkizedeki alikuwa padre wa parokia gani?" Kwaya nzima ikacheka. Mwalimu akacheka pia, akagonga meza, akatupa do, tukaendelea. Lakini kule nyuma kwenye besi niligundua jambo la aibu. Nimeliimba jina hilo kwa zaidi ya miaka 30, na kama binti yule angenigeukia mimi, nisingekuwa na jibu. Makala haya ni jibu langu lililochelewa.

Melkizedeki anatokea mahali patatu tu katika Biblia. Kwanza ni Mwanzo sura ya 14. Abramu anarudi kutoka vitani, amemkomboa Lutu, mtoto wa ndugu yake. Njiani anakutana na mfalme wa Salemu, ambaye pia ni kuhani wa Mungu Aliye Juu. Mfalme huyo analeta mkate na divai, anambariki Abramu, naye Abramu anampa fungu la kumi. Aya tatu, basi. Hatuambiwi alizaliwa wapi wala alikwenda wapi. Mahali pa pili ni hiyo Zaburi ya 110, ambapo mfalme anaahidiwa ukuhani usio na mwisho, kwa mfano wa mtu yule. Kisha kimya kirefu, mpaka Waraka kwa Waebrania, sura ya 5 hadi ya 7, ambapo jina hilo linafunguliwa kama bahasha iliyokaa karne nyingi bila kusomwa.

Mwandishi wa Waebrania alikuwa na tatizo la kweli mbele yake. Katika Israeli ukuhani ulikuwa wa kuzaliwa. Ilibidi mtu awe wa kabila la Lawi, tena wa nyumba ya Haruni. Ezra sura ya 2 inasimulia kwamba waliporudi kutoka uhamishoni Babeli, wapo waliodai kuwa makuhani lakini majina yao yakatafutwa katika orodha za ukoo yasionekane, wakaondolewa. Hapakuwa na huruma katika jambo hilo. Na Yesu alikuwa wa kabila la Yuda. Kwa sheria ile asingeruhusiwa hata kufukiza ubani hekaluni. Uzia, mfalme wa Yuda, alijaribu akapigwa ukoma usoni palepale. Sasa Wakristo wa mwanzo, wengi wao Wayahudi walioijua sheria hiyo tangu utotoni, wangemwitaje Yesu kuhani mkuu?

Jibu la Waebrania ni kurudi nyuma ya Lawi. Kabla Lawi hajazaliwa, babu yake mkubwa Abrahamu alikwisha kuinama mbele ya kuhani mwingine na kumtolea zaka. Kuhani huyo hana baba wala mama wanaotajwa, hana orodha ya ukoo, hana siku ya kuzaliwa wala ya kufa. Katika kitabu kinachopenda sana kutaja nani alimzaa nani, kunyamaza huko ni kukubwa. Kwa hiyo, asema mwandishi, upo ukuhani wa zamani kuliko ule wa kurithi, nao hautegemei damu. Mkate na divai havitajwi kabisa katika hoja hiyo ya Waebrania. Aliyevikazia ni Mwafrika, Sipriani, Askofu wa Karthago, ambaye katika barua yake moja ya karne ya 3 alieleza kwamba sadaka ya Melkizedeki ilikuwa mfano wa sadaka ya Bwana. Aliuawa kwa ajili ya imani mwaka 258. Na mpaka leo, padre anaposali Sala ya Ekaristi ya Kwanza, mtasikia majina matatu yakifuatana: Abeli, Abrahamu, Melkizedeki. Huwa tunaisubiri sala hiyo iishe kwa sababu ni ndefu na tunatafuta ukurasa wa wimbo unaofuata. Siku nyingine tusikilize.

Neno ambalo Biblia yetu ya Kiswahili inatumia kwa mambo haya ni kivuli. Liko katika Waebrania sura ya 8 na ya 10, na katika Wakolosai sura ya 2. Torati ilikuwa na kivuli cha mambo mema yatakayokuja, na mwili wenyewe ni Kristo. Sisi Waswahili tunalisikia neno kivuli kwa masikio mawili, kwa kuwa kivuli pia ni mahali pa kupumzika jua likiwaka. Hapa maana ni ile nyingine. Mtu akikujia asubuhi kutoka upande wa mashariki, kivuli chake kirefu hufika miguuni pako kabla yake. Hukioni kivuli ukasema ni uongo. Unajua kuna mtu, ana urefu fulani, labda amebeba kitu begani. Sura yake bado. Ukiinua macho unamwona mwenyewe, na hapo ndipo unapoelewa kile ulichokuwa ukikiona chini.

Niseme mawili kabla ya kuendelea. La kwanza, watu wengine wakishaonja utamu wa kutafuta vivuli hawajui kuacha. Nimewahi kukaa katika semina ambapo mhubiri alitueleza maana ya kila kigingi cha hema ya kukutania, na nilipotoka nilikuwa najua habari za vigingi kuliko za Yesu. Mimi nashika kivuli pale Maandiko yenyewe yanapokinyoshea kidole. La pili, kusema ukuhani wa Haruni ulikuwa kivuli si kuwadharau Wayahudi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la tarehe 28 Oktoba 1965, ulitukumbusha kwamba Kanisa limepokea ufunuo kupitia watu hao na kwamba Mungu hajutii zawadi zake.

Sasa maneno yetu wenyewe. Mkiangalia kijitabu hiki, mtaona tumeandika padre mahali pengi na kuhani mahali pachache. Majirani zetu Waanglikana husema kasisi. Padre ni Kireno, maana yake baba. Wareno walifika pwani yetu mwisho wa karne ya 15, na karne iliyofuata mapadre wa shirika la Mtakatifu Agostino walikuwa tayari Mombasa. Kasisi limetupitia kutoka Kiarabu, na mzizi wake wa Kisiria maana yake ni mzee. Kuhani nalo ni la Kiarabu, ndugu wa neno la Kiebrania kohen, ambalo ndilo aliloitwa Haruni. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, baadaye akaja Steere kule Zanzibar, na wote waliotafsiri Maandiko kwa Kiswahili ilibidi wachague. Walichagua vizuri. Kuhani lilibaki kwa mtu wa madhabahu na sadaka, na mzee likabaki kwa kiongozi wa kanisa la mwanzo, kama ilivyo katika Kigiriki chenyewe.

Jambo hili si dogo. Katika Agano Jipya lote, hakuna mtume wala mzee wa kanisa anayeitwa kuhani peke yake, kwa cheo chake. Neno hilo linatumika kwa makuhani wa hekalu, mara moja kwa kuhani wa sanamu ya Zeu kule Listra, kwa Kristo mwenyewe, na kwa taifa zima la Mungu, kama katika waraka wa kwanza wa Petro sura ya 2 na katika Ufunuo. Ndiyo maana Mtaguso, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, ulisema upo ukuhani wa waamini wote na upo ukuhani wa daraja takatifu. Hivi viwili vinatofautiana kwa namna yake vyenyewe, si kwa kiasi tu, na vyote viwili vinashiriki ukuhani mmoja wa Kristo. Padre anapakwa krisma mikononi. Mtoto mchanga anapobatizwa anapakwa krisma hiyohiyo utosini. Mama anayelala nyumba ya tatu kutoka kanisani, anayefagia hapa kila Jumamosi, amepakwa.

Nimefika kwa Haruni, na hapa nitakaa kidogo, kwa maana hapa ndipo Maandiko yaliponikuta nikiwa mtu wa Nakuru.

Kutoka sura ya 28 inaeleza mavazi ya kuhani mkuu. Sisi tunaojua gharama ya sare tunaweza kuisoma sura hiyo kwa huruma. Kuna kanzu yenye njuga kwenye pindo, kuna kilemba chenye bamba la dhahabu. Majirani zetu Wakorino, ambao mnawaona kila siku mjini na kule Njoro na Elburgon na vilemba vyao vyeupe, wanavivaa kwa sababu walizisoma sura hizi na kuzishika kama zilivyo, tangu harakati yao ilipoanza miaka ya 1920. Nilipokuwa kijana nilidhani ni mapambo. Siku moja mzee mmoja wao, fundi viatu karibu na steji, alinifungulia Biblia yake ya Kikuyu na kunionyesha aya. Nilirudi nyumbani kimya.

Lakini kitu ninachotaka mkione ni mawe. Juu ya mabega ya Haruni kulikuwa na mawe mawili ya shohamu, kila moja limechorwa majina sita ya makabila ya Israeli. Na kifuani, juu ya moyo, mawe 12, kila jiwe na jina la kabila lake. Agizo lilikuwa kwamba kila anapoingia mahali patakatifu, anayaingiza majina hayo mbele ya Bwana. Hakuruhusiwa kuingia na jina la kabila lake tu. Yeye alikuwa Mlawi, lakini begani alibeba Dani na Naftali, ambao labda hakuwapenda, na Simeoni, ambao walikuwa na historia ya damu. Majina yalichorwa kwenye jiwe, hayakuandikwa kwa wino, hivyo hakuna aliyeweza kufuta moja usiku na asubuhi akasema lilikuwa limesahauliwa.

Jimbo letu la Nakuru liliundwa tarehe 11 Januari 1968, likimegwa kutoka Eldoret, ambako mapadre wa Kiltegan kutoka Ireland walikuwa wamefanya kazi tangu miaka ya 1950. Wakati huo lilienea mpaka Kericho. Kericho ikawa jimbo mwaka 1995, tukabaki na kaunti mbili, Nakuru na Baringo. Mwaka 1971 aliletwa kwetu Askofu Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, mzaliwa wa Mwala katika nchi ya Ukambani. Alikaa nasi miaka 25. Watu wa jimbo hili ni Wakikuyu, Wakalenjin wa namna zote, Wakisii, Waluhya, Wajaluo, Wamasai, Waturkana, Wakamba wachache. Yeye hakuwa wa kabila lolote kati ya yale mawili yaliyokuwa yakitazamana kwa jicho baya. Sijui kama waliomteua walifikiri hivyo. Mungu huenda alifikiri.

Kwani vita vya kikabila vilipozuka mwisho wa 1991, vikaenea Molo, Olenguruone na Burnt Forest mwaka uliofuata, askofu huyo hakunyamaza. Alisema waziwazi kwamba mapigano hayakuwa yametoka tu ardhini kama uyoga, yalipangwa. Kusema hivyo mwaka 1992, sisi tuliokuwapo tunajua, halikuwa neno la kusema hadharani kisha ukalala usingizi. Familia zilizokimbia zilipokelewa katika viwanja vya parokia. Kule Maela, karibu na Naivasha, waliokimbia Enoosupukia mwaka 1993 walikusanyika maelfu, na katikati yao akakaa padre wa Mill Hill, John Kaiser, Mmarekani, ambaye baadaye alitoa ushahidi mbele ya Tume ya Akiwumi. Mwili wake ulikutwa tarehe 24 Agosti 2000 kando ya barabara ya kutoka Nakuru kwenda Naivasha, karibu na makutano ya Morendat. Mwaka 2007 mahakama iliyochunguza kifo hicho iliamua kwamba aliuawa.

Halafu ikaja Januari 2008. Mji wetu uliwaka kuanzia tarehe 24 na 25. Tarehe 26 Padre Michael Kamau Ithondeka wa jimbo letu, makamu wa gambera wa Seminari Kuu ya Mathias Mulumba kule Tindinyo, alikuwa safarini. Alisimamishwa kwenye kizuizi cha vijana katika barabara ya Eldama Ravine. Alikuwa na umri wa miaka 41. Waliokuwa wakifunga barabara siku zile, pande zote, walikuwa wakiuliza jambo moja tu: jina lako nani, unatoka wapi. Jina la ukoo. Ni swali lile la Ezra sura ya 2, lakini adhabu yake sasa ilikuwa panga.

Sisemi kwamba Kutoka 28 ilitabiri barabara ya Ravine. Hayo ni ya mhubiri wa vigingi. Nasema hivi: kivuli kilituonyesha mtu amebeba majina ya makabila yote begani na moyoni. Tulipoinua macho tulimwona Kristo amebeba mti. Na katika bonde hili, baadhi ya waliopakwa mafuta kwa jina lake waliitwa kulipa bei ya kubeba majina hayo. Wengine hatukubeba. Wapo wakristo wa jimbo hili, wabatizwa, waliopakwa krisma utosini, waliokuwa upande wa pili wa kizuizi. Hilo nalo ni historia yetu, na kijitabu cha jubilei kisicholitaja kingekuwa na picha nzuri tu.

Turudi kwa waimbaji, msije mkasema nimeisahau kwaya.

Hesabu sura ya 16 inasimulia uasi wa Kora. Kora alikuwa Mlawi, binamu wa Musa na Haruni, mtumishi wa hema lakini si kuhani. Alikusanya watu 250 wenye sifa, akawaendea Musa na Haruni na kuwauliza kwa nini wanajikweza, wakati jumuiya yote ni takatifu na Bwana yuko kati yao. Angalieni vizuri: hoja yake ina ukweli ndani. Jumuiya yote ni takatifu, Petro mwenyewe atasema hivyo. Kosa la Kora lilikuwa kuuchukua utakatifu wa wote na kuufanya ngazi ya yeye kupanda. Ardhi ikafunguka ikawameza. Sisi wa Bonde la Ufa hatuhitaji kuelezwa ardhi kufunguka. Machi 2018 ufa uliikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, na watu wakaja kupiga picha pembeni yake.

Kwaya nayo ina Kora wake. Miaka mingi iliyopita, sitasema mwaka gani, tuligombana na padre mmoja kuhusu kinanda na kuhusu nani achague nyimbo za misa. Sisi tulikuwa na hoja. Naye alikuwa na hoja. Nusu ya kwaya, nikiwemo, tukasusia, tukakaa kwenye mabenchi ya nyuma Jumapili saba mikono imekunjwa, tukiwasikiliza wenzetu wakiimba sauti mbili badala ya nne na kufurahia kila walipokosea. Tulisema ni kwa ajili ya haki za walei. Leo nikiwa mzee nakiri kwamba upande wangu angalau nilitaka kinanda kipigwe na mpwa wangu.

Lakini sikilizeni mwisho wa habari ya Kora, ambao watu wengi hawaufikii kwa sababu uko sura kumi mbele. Hesabu 26, aya ya 11, katikati ya orodha ya ukoo inayochosha, inasema wana wa Kora hawakufa. Hakuna maelezo. Baadaye tunawakuta katika kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati wakiwa wangoja milango wa hema, na tunamkuta Hemani, mmoja wa viongozi wakuu watatu wa waimbaji wa Daudi pamoja na Asafu na Yeduthuni, ambaye ukoo wake, tukiufuata katika sura ya 6, unapita kwa Samweli unafika kwa Kora. Zaburi kama kumi na moja zimewekwa chini ya jina la wana wa Kora, miongoni mwao ile ya 84, inayosema heri kusimama mlangoni mwa nyumba ya Mungu. Someni zaburi hiyo tena mkijua ni nani anayesema. Babu yao aliutaka ukuhani akaangamia. Wao waliomba mlango, wakapewa wimbo.

Na katika sura ya 25 ya kitabu hichohicho kuna kwaya ya kwanza iliyohesabiwa: waimbaji 288, wakapigiwa kura ya zamu, mdogo sawa na mkubwa, mwalimu sawa na mwanafunzi. Viongozi wetu wa sauti wanaopanga safu ya mbele kwa kuangalia nani ana sare mpya waisome sura hiyo kabla ya Pasaka.

Kuhusu neno jubilei lenyewe nitasema kifupi. Walawi 25 inaagiza kwamba mwaka wa 50 utangazwe kwa baragumu siku ya kumi ya mwezi wa saba, ambayo ni Siku ya Upatanisho. Ndiyo siku pekee katika mwaka kuhani mkuu aliyoingia Patakatifu pa Patakatifu na damu. Hivyo mlio wa jubilei ulisikika siku ileile ya upatanisho, na kilichofuata kilikuwa watumwa kwenda nyumbani na mashamba kurudi kwa wenyewe. Mashamba! Katika bonde hili, ambalo Wamasai waliondolewa kwa mikataba ya 1904 na 1911, ambalo baadaye watu walilima kama maskwota kwenye ardhi ya walowezi, kisha wakagawiwa, wakauziana, wakafukuzana, tunalitamka neno jubilei kwa wepesi sana na kulichapa kwenye fulana.

Nilipokuwa nikiandika haya, katibu alinikabidhi sanduku la daftari za zamani za mahudhurio. Ile ya 2008 ina jalada la bluu. Mwalimu wetu wa wakati huo, aliyekwisha tangulia, alikuwa na desturi ya kupiga mstari mwekundu juu ya jina la mtu aliyehama, ili ukurasa usichafuke. Katika Januari 2008 kuna majina 43. Februari yanaitwa majina 26. Tena tulikuwa na wawili tu. Jumapili ya kwanza ya Kwaresima tuliimba bila sauti hiyo kabisa, na waumini walidhani ni mtindo. Lakini yale majina 17 hakuyapigia mstari. Kila wiki, mwaka mzima, aliyaandika tena kwa mkono, ya Wakalenjin na ya Wakikuyu na ya Wajaluo, na mbele ya kila moja akaacha nafasi wazi.

Tisa walirudi kabla ya Krismasi. Wawili tulisikia wamefariki. Wengine walienda wakaanza maisha upya Nyandarua, Kisumu na Kericho, na nafasi zao bado ni nyeupe kwenye karatasi. Kamati iliwatafuta wote. Leo, katika wimbo wa matoleo, mkiona kwenye safu ya tena watu wazima watatu ambao sare zao si za rangi yetu, ni wao. Yule binti wa sauti ya pili ndiye atakayeita majina kabla ya misa, kutoka daftari lile la bluu.